Noti ya Pampu ya Tatu

Jumatano saa nne asubuhi watu mia nne na kumi na wawili walikimbilia vyumba vya usalama, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimefungua spika zote za mji ili kila mtu ausikie wimbo wa watoto wetu kabla haujatumwa Juu kupigwa Jumamosi kwenye redio ya taifa. Ulianza vizuri. Sauti nzito ya mtu fulani ilirudiarudia kipande kifupi, "moo-bi, moo-bi", ikaingia ngoma, ikaingia kwaya ya watoto arobaini. Nilisimama mlangoni mwa jiko la bwalo na kikombe cha chai mkononi, nimejaa sifa. Mtunzi wa wimbo alikuwa binti yangu Ansila, miaka kumi na saba, na alitengeneza kila kitu peke yake kwenye kompyuta ya mitumba niliyoitengeneza mimi.

Halafu nikamwona Philiberta, mpishi wetu. Alikuwa ameacha mwiko umesimama ndani ya ugali na ameinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza kitu.

"Pampu ya tatu," alisema.

"Philiberta, huo ni wimbo tu, tuli..."

Alikuwa ameshaondoka. Nyuma yake bwalo zima likasimama. Hakuna aliyepiga kelele wala kusukumana. Watu waliinua watoto, wakaacha sahani, wakaenda. King'ora hakikulia hata mara moja, maana watu wa Chini hatusubiri king'ora.

Mtu wa Juu ataona ni mambo ya ajabu, kwa hiyo nieleze. Tunaishi mita mia tisa chini ya bonde la Rukwa. Pampu ya tatu ndiyo inayozuia maji ya chumvi ya moto yasiingie mjini. Inaimba noti moja mchana na usiku, mwaka hata mwaka, na mtoto wa huku huijua noti hiyo kabla hajalijua jina la baba yake. Ikishuka hata kidogo maana yake inachoka, na ikichoka huulizi, unakimbia. Kwaya yetu haina kinanda. Watoto wananyamaza, wanaisikiliza pampu, wanachukua noti kutoka kwake. Kwa hiyo pampu imo ndani ya kila rekodi yetu kama chumvi kwenye mboga.

Na mimi, kwa kufuata kanuni, nilikuwa nimeushusha wimbo mzima nusu toni saba. Pampu nayo nikaishusha.

*

Milango ya usalama ikishajifunga haifunguki mpaka dakika ishirini zipite. Tulikaa kwenye mabenchi ya chuma, magoti kwa magoti, na kila mtu akanitazama.

"Mama Ansila," alisema Gaudensi, mchimbaji mwenye mabega mapana, "wimbo mzuri sana. Umetutoa jasho kabla hatujaanza kucheza."

"Sherehe ya miaka ishirini ya mji," mwingine akadakia, "na fundi wetu ameamua tuisherehekee kwa kuzama."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke, nilistahili. Nikatazama saa ya ukutani.

"Dakika tatu na sekunde arobaini," niliwaambia. "Zoezi la mwisho mlitumia saba. Mnaonaje?"

Philiberta akapiga makofi, na chumba kizima kikapiga makofi. Sisi ni watu wa namna hiyo.

Ansila peke yake hakupiga. Alikaa mbele yangu, mikono ameikunja, spika za masikio zikining'inia shingoni.

"Umeshusha pampu, mama."

"Nimeshusha wimbo. Ndiyo kanuni."

"Umeshusha kitu ambacho hakijapanda."

"Usinijibu hivyo mbele za watu."

"Basi nitakujibu nyumbani," alisema. "Lakini nitakujibu."

Gaudensi akatazama dari. Hata yeye alijua huyu ni mtoto wa nani.

*

Kazi yangu ni Lango la Sauti. Kila sauti inayotoka Chini kwenda Juu, iwe simu, taarifa ya zamu au salamu za sikukuu, hupita kwenye mtambo wangu, na mtambo huishusha. Sina shahada. Nina stashahada ya ufundi wa sauti ya chuo cha Mbeya, na mtambo ule niliubuni kwa siku mbili na vifaa vilivyokuwepo. Miaka kumi na minne haujaharibika. Huwa nalisema hilo bila aibu.

Sababu ya mtambo ni hewa yetu. Hewa ya mji imegandamizwa sana ili kusaidia kuzuia maji, na kwenye mgandamizo huo hewa ya kawaida hulevya. Wachimbaji wa kwanza waliivuta wakacheka mpaka wakasahau kufunga mabomba. Kwa hiyo sisi tunavuta oksijeni kidogo na heliamu nyingi, na heliamu ndiyo tunayoichimba, haituishii. Ila ukiongea ndani ya heliamu, mtu wa Juu anasikia kitu chembamba, kikali, kama panya aliyekanyagwa. Sisi wenyewe hatusikii hivyo. Kwetu hizo ni sauti za watu.

Tulipofika nyumbani Ansila aliwasha kompyuta kabla hajavua viatu. Akafungua programu yake ya muziki, akaniwekea mistari mitatu ya rangi.

"Kaa hapo. Sikiliza wa kwanza."

Ilikuwa sauti yake, kama ninavyoisikia kila siku, ikiimba ubeti mmoja.

"Wa pili."

Mzee mwenye usingizi, mwenye kamasi, akiimba ubeti uleule.

"Huo ni mtambo wako," alisema. "Sasa nikuulize, fundi. Heliamu inafanya nini kwenye nyuzi za koo?"

Nilifundishwa jibu. Nilikuwa nimeliweka kando kwa sababu nilikuwa na siku mbili tu.

"Haifanyi kitu," nilisema.

"Haifanyi kitu. Koo linatikisika kwa kasi ileile. Noti ni ileile. Ndiyo maana tunaimba sawasawa na pampu bila taabu. Kinachobadilika ni mwangwi wa kinywa, ile rangi ya sauti. Wewe ukavuta noti nzima chini, rangi na kila kitu. Unaona? Kila mtu aliyewahi kumpigia simu nduguye Juu ameongea kama zimwi."

"Afadhali zimwi kuliko panya."

"Subiri wa tatu."

Akabonyeza. Msichana akaimba. Sauti ilikuwa safi, laini, ya kati, kama msichana yeyote aliyepita pale chuoni Mbeya na madaftari yake. Noti zilikuwa sawa, na pampu nyuma yake ilikuwa mahali pake. Nilisogea karibu na spika.

"Nani huyo?"

"Mimi. Kama ningezaliwa Juu."

Niseme ukweli, kazi ile ilikuwa ya kiwango ambacho mimi sijawahi kukifikia. Alikuwa ametenganisha noti na rangi, akairudisha rangi mahali pake, neno kwa neno, mtoto kwa mtoto, kwa sauti arobaini. Wahandisi wa Shirika linaloendesha mji wetu wameshindwa. Mtoto wangu ameweza, kwenye kompyuta ambayo kitufe cha herufi M nilikigundisha kwa gundi.

"Basi tumemaliza," nilisema, na nilikuwa tayari nimesimama. "Huu ndio tunaoupeleka. Pampu haishuki, watu hawakimbii, Juu hawacheki. Safi sana, mwanangu. Safi kabisa."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nimeufanya ili ujue ninaweza. Usije ukafikiri nakataa kwa kushindwa. Naupeleka wa kwanza."

"Mbichi?"

"Kama ulivyo."

Nikakaa tena. Ilinibidi nimwambie jambo ambalo nilikuwa nimelificha miaka kumi na minne, na mimi si mtu wa kuzungukazunguka, kwa hiyo nilimwambia moja kwa moja. Alipokuwa na miaka mitatu nilimrekodi akimsalimia bibi yake wa Sumbawanga kwa Krismasi. Nilijisifu sana kwa salamu ile, mtoto wa kwanza kuzaliwa Chini, nikaituma redioni irushwe pamoja na salamu nyingine. Hakukuwa na mtambo wakati huo. Nchi nzima ilicheka. Waliifanya mlio wa simu. Waliiweka kwenye tangazo la sumu ya panya. Mama yangu aliisikia sokoni, kwenye simu ya muuza nyanya, akaacha kapu lake akarudi nyumbani.

"Ilikuwa sauti yako," nilimwambia. "Ndiyo maana niliujenga mtambo. Niliapa hawatakucheka tena. Wala mtoto mwingine wa huku."

Ansila alinitazama kwa huruma, na sikuipenda.

"Mama, najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu nina miaka kumi na mmoja. Iko kwenye kumbukumbu za Lango, faili la kwanza kabisa." Akarudisha wimbo mwanzo, wa kwanza, ule mbichi. "Ulidhani huyu ni nani?"

Akabonyeza. Kile kipande kifupi kikaanza kurudiarudia, moo-bi, moo-bi. Nilipokisikia asubuhi kimeshushwa nilidhani ni mwanamume mzima. Sasa kilikuwa kwenye kimo chake, na nikakijua hapohapo, maana nilikuwepo, nilikuwa nimemshika kiunoni asianguke kwenye kiti. Shikamoo bibi. Alikuwa ameikata katikati, ameifanya biti, na kwaya nzima ilikuwa imesimama juu yake.

Nilikwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

*

Alhamisi nilimpigia Bwana Kapufi, Afisa Mawasiliano wa Shirika aliyeko Juu. Ni mtu mwenye adabu na hajawahi kunidanganya, ndiyo maana maneno yake yalinisumbua.

"Dada Restituta, nimeona fomu yako ya kutuma wimbo. Pale palipoandikwa 'Sauti imeshushwa?' umejaza 'Hapana'. Nadhani umekosea."

"Sijakosea."

Akavuta pumzi. "Unakumbuka ni nani aliyeiandika kanuni hii? Ni wewe. Ulinipigia simu unalia. Nilipigania sahihi tisa ili ipite."

"Nakumbuka, na nilikushukuru."

"Basi fikiria vizuri. Mwakani watoto wa kwanza wanatimiza miaka kumi na minane, mapafu yamekomaa, madaktari wanawaruhusu kupanda. Watakwenda vyuoni. Binti yako ni mmoja wao. Unataka wafike huko nchi nzima ikiwa imeshawapa jina? Na si binti yako peke yake. Wako arobaini."

Hapo alinigusa. Wa kwangu ningeweza kumtolea uamuzi. Wale thelathini na tisa wana mama zao.

"Nitakujibu jioni," nilisema.

"Na kuna njia nyingine," akaongeza. "Ninyi mpige wenu mbichi huko, sisi tupige ulioshushwa huku. Nani atajua?"

Nilikwenda bwaloni wakati wa chakula cha mchana, nikagonga sufuria kwa kijiko, nikawaambia wazazi jambo lote kama lilivyo. Sikuficha tangazo la sumu ya panya, wala ule mstari wa tatu, ule mzuri wa kutengenezwa. Nilisema anayetaka mwanawe atolewe aseme sasa, nitamfuta kwenye rekodi na hakuna atakayemuuliza.

Wa kwanza kusema alikuwa mama wa mtoto wa mstari wa nyuma. "Wangu mtoe," alisema. "Yeye analia haraka." Nikaandika jina lake. Hakuna aliyemcheka wala kumbishia, na mpaka leo tunaongea vizuri.

Kisha Philiberta akatoka jikoni anafuta mikono. Ana pacha wawili kwenye kwaya.

"Mimi sijui mambo ya rangi ya sauti," alisema. "Ninachojua, nimewafundisha wanangu kwamba pampu ikishuka wanakimbia, hata kama wanakula, hata kama wanaoga. Redio ya taifa inasikika mpaka huku. Jumamosi wimbo ukija na pampu iliyoshuka, niwaambie nini? Leo msikimbie, leo tunawafurahisha watu wa Juu? Na kesho pampu ikishuka kweli?"

"Kapufi anasema Juu wapige wao, huku tupige wetu."

"Basi hiyo ni sherehe ya miji miwili, na mimi nimepikia mmoja."

"Na ule wa kutengenezwa?" aliuliza Gaudensi. "Ule hauna tatizo la pampu."

Kila mtu akamgeukia Ansila. Alikuwa amekaa mwisho wa meza na alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Hauna tatizo," alisema. "Ni mzuri. Atakayeutaka kwa simu zake nitamwekea, bure. Lakini ukipelekwa Jumamosi, watasema hongera kwa watu ambao hawapo. Mimi mwakani nitapanda. Nitatoka kwenye chumba cha kupunguza mgandamizo baada ya siku tisa, nitafungua mdomo, na hewa yao itanipa ile sauti ya tatu nitake nisitake. Nitakuwa nayo maisha yangu yote. Hii ya kwanza nimebakiwa nayo mwaka mmoja tu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mama yake mzazi, fundi wa sauti, sikuwa nimeliwaza.

"Wakicheka?" nilimuuliza mbele ya wote.

"Watacheka. Hata mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Ile salamu inachekesha, mama. Lakini ina biti nzuri."

Jioni nilimpigia Kapufi. Nikamwambia fomu ni ileile, sauti thelathini na tisa, hazijashushwa.

"Unajua nitalazimika kukuondoa kwenye Lango," alisema polepole.

"Najua. Mtafute kijana, nitamfundisha wiki mbili, asiharibu. Mimi nihamishie pampu ya tatu. Wanahitaji fundi mwenye masikio."

Halafu akasema, "Huyo binti yako. Ule mstari wa tatu, aliutengeneza peke yake kweli?"

"Peke yake."

"Wahandisi wetu wanao mradi huo mwaka wa sita huu."

"Wasalimie," nilimwambia.

*

Jumamosi saa tano asubuhi tulijaa bwaloni. Hotuba zilikuwa ndefu, kama kawaida. Kisha mtangazaji akasema, "Na sasa, kutoka Chini," na sekunde ile nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Moo-bi. Moo-bi. Moo-bi.

Ikaingia ngoma. Ikaingia kwaya, sauti thelathini na tisa nyembamba, kali, zimenyooka kama waya, na chini yake pampu ya tatu kwenye redio ikakutana na pampu ya tatu ukutani, noti moja juu ya nyingine, mpaka nikazihisi kwenye meno. Hakuna aliyekimbia. Pacha wa Philiberta walipanda juu ya benchi wakacheza. Gaudensi alilia waziwazi, kisha akasema ni vitunguu, na siku hiyo hakukuwa na vitunguu.

Juu walicheka. Sitadanganya. Kufikia mchana tulikuwa tumepata rekodi za watu wakijaribu kuimba kama sisi, wakiminya pua. Pia tulipata nyingine, za watu wakicheza kwenye vibaraza na kwenye vituo vya mafuta, na kwaya ya watu wazima ya kanisa moja huko Laela waliokuwa wameushika wimbo tayari, wanauimba kwa kimo chetu, jasho likiwatoka, bila mtambo wowote. Walishindwa kufika kwenye noti za juu. Ansila alizirudia rekodi hizo mara tano na kuandika makosa yao kwenye daftari.

Saa nane simu ya nyumbani ikalia. Mama yangu. Ana miaka themanini na moja, na kwa miaka kumi na saba amemjua mjukuu wake kwa picha na kwa simu.

"Resti," alisema. "Nimesikia redio."

"Ndiyo, mama."

"Kuna mtoto mwanzoni. Anasema shikamoo bibi."

"Ndiyo."

"Ni yule wa kwangu. Yule wa sokoni."

"Ni yeye."

Nilisubiri. Nilifikiri juu ya kapu aliloliacha siku ile.

"Nilikaa naisikiliza," alisema. "Nikajiuliza, huyu mtoto alikwenda wapi? Alinisalimia mara moja, akapotea, akaja mtu mwingine mwenye sauti nzito, kila Jumapili, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Nikamwitikia kwa sababu mlisema ni yeye. Miaka yote hii nilikuwa naongea na nani?"

Ansila alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilimpa simu. Kabla hajaongea niliingia kwenye mtambo kupitia kompyuta yake, maana ulikuwa bado wangu kwa wiki mbili, nikazima ushushaji kwenye laini yetu.

Waliongea nusu saa. Sikusikiliza yote. Nilisikia kicheko cha mama yangu kwenye spika, mara tatu, na nilisikia Ansila akisema, "Ndiyo bibi, hivi ndivyo. Hapana, siumwi."

Kisha akanirudishia simu. "Anakutaka wewe."

Nikaishika. Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka kumi na minne, ukaenda wenyewe kwenye kompyuta, kwenye kitufe cha kushusha. Ansila akaniona. Alinyanyua tu nyusi, zile za baba yake.

Nikautoa mkono.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Akacheka. Alicheka sana, mpaka akakohoa, mpaka nikamsikia akitafuta kiti. Nilikaa wima, nikamsubiri amalize.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Sema tena."